Kurasa mbili za gazeti la shule

Nilikuwa kimya wiki mbili kwa sababu ya majaribio, na kabla sijapumua vizuri tukapewa semina. Kesho saa nne asubuhi, Sheria za Habari. Kundi letu tumepewa kesi moja ya Marekani, tukaokota vikaratasi kujua nani atasimama upande gani, na changu kilikuwa kimeandikwa "mkuu wa shule". Yaani nimtetee mkuu wa shule aliyezuia habari za wanafunzi. Mimi! Wanaonifahamu tangu sekondari watacheka, na sababu nitaisema huko mbele.

Basi leo tangu saa nane mchana niko maktaba nasoma hukumu yenyewe, siyo muhtasari wa kudesa. Na niseme ukweli, nilipoambiwa kesi ya uhuru wa habari iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, nilitegemea magazeti makubwa, siri za vita, mawaziri. Kumbe ni gazeti la shule. Watoto wa miaka kumi na sita, kumi na saba, wanaandika darasani na mwalimu anawapa maksi.

Shule inaitwa Hazelwood East High School. Iko Spanish Lake, kaskazini mwa jiji la St. Louis, jimbo la Missouri, karibu na pale mto Missouri unapoingia Mississippi. Usifikirie high school ya kwetu ya kidato cha tano na sita. Kule ni miaka minne, wanafunzi wa miaka 14 hadi 18 hivi, shule ya kutwa ya umma, hakuna ada. Inaendeshwa na bodi inayochaguliwa na wananchi wa eneo lile, na sehemu kubwa ya fedha inatoka kwenye kodi za nyumba na ardhi zao wenyewe.

Halafu pembezoni mwa jiji kwao siyo pembezoni ya kwetu. Ukisema pembezoni hapa Dar mtu anafikiria Mbagala, Gongo la Mboto, daladala limejaa mpaka mlangoni. Kule baada ya Vita Kuu ya Pili familia nyingi, hasa za weupe, zilihama katikati ya miji zikafuata barabara mpya, nyumba zenye bustani na shule mpya. Sehemu nyingi za namna hiyo hazikuwa na katikati: hakuna soko, hakuna stendi, hakuna kijiwe. Shule ndiyo ikawa katikati. Ndiyo maana high school za vitongoji vyao zina shughuli nyingi hivyo baada ya vipindi: timu za michezo, bendi ya matarumbeta, michezo ya kuigiza, mdahalo, serikali ya wanafunzi, kitabu cha picha cha kila mwaka, na gazeti. Sisi tulikuwa na shamba la shule.

Gazeti la Hazelwood East liliitwa Spectrum. Halikuwa klabu ya jioni, lilitoka kwenye somo, Uandishi wa Habari wa pili, lenye maksi kama somo lingine. Mwaka wa masomo wa 1982 hadi 1983 lilikuwa linatoka kila baada ya wiki tatu hivi, na mwaka ule nakala zaidi ya 4,500 ziliwafikia wanafunzi, wafanyakazi wa shule na wakazi wa eneo hilo. Kuchapa kuligharimu dola 4,668.50. Mauzo yalirudisha dola 1,166.84. Piga hesabu: ni robo. Robo tatu iliyobaki, pamoja na vitabu, vifaa na sehemu ya mshahara wa mwalimu, ililipwa na bodi ya shule. Wekeni hiyo hesabu mfukoni, tutaihitaji.

Sasa kitu ambacho kilinifanya nisimame nikazunguke nje kidogo. Septemba 1982, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, Spectrum walichapa tamko lao kwamba gazeti hili ni la wanafunzi na linachukua haki zote zinazotokana na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yanayolinda uhuru wa kusema na wa magazeti. Na sera ya bodi yenyewe ilisema machapisho ya wanafunzi hayatabanwa maoni yao ilimradi yafuate taratibu za uandishi unaowajibika. Kwa hiyo hawa watoto hawakuota. Waliambiwa, wakaamini, wakaandika.

Twende Mei 1983. Mwalimu aliyewafundisha muda wote, Robert Stergos, aliacha kazi tarehe 29 Aprili akaenda kwenye kampuni binafsi, mwaka wa shule ukiwa umebaki kidogo tu. Gazeti likashikwa na mwalimu mwingine, Howard Emerson. Utaratibu ulikuwa kwamba kila toleo kabla ya kuchapwa, kurasa za majaribio zinapelekwa kwa mkuu wa shule azipitie. Tarehe 10 Mei Emerson akampelekea mkuu, Robert Reynolds, kurasa za toleo la tarehe 13. Siku tatu.

Reynolds akakuta makala mbili zilizomkera. Ya kwanza ilikuwa inaeleza maisha ya wanafunzi watatu wa shule ile ile waliopata ujauzito. Majina yalibadilishwa, lakini yeye akaona kwa maelezo yaliyomo watu watawatambua tu. Pia ilitaja mambo ya mapenzi na uzazi wa mpango, akaona hayawafai wanafunzi wadogo wa miaka 14. Ya pili ilihusu talaka. Mwanafunzi mmoja, kwa jina lake, alimlalamikia baba yake kwamba hakuwa na muda na familia. Reynolds akauliza: huyu baba ameulizwa? Wazazi wamepewa nafasi ya kujibu? Hawakupewa. (Jina la yule mwanafunzi mwalimu alikwishaliondoa kwenye nakala ya mwisho. Mkuu hakujua. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.)

Akaamini kwamba muda wa kurekebisha haupo, na kwamba wakichelewa gazeti halitatoka tena kabla ya shule kufungwa. Akaona njia mbili tu: gazeti la kurasa nne badala ya sita, au lisiwepo kabisa. Akawajulisha wakubwa zake, wakakubali, akaamuru kurasa mbili zitolewe.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe, na ndipo wengi wanapopita haraka. Kwenye kurasa zile mbili hakukuwa na makala mbili tu. Kulikuwa na makala kuhusu ndoa za vijana, kuhusu watoto wanaotoroka nyumbani, kuhusu watoto wanaoingia kwenye uhalifu, na nyingine ya jumla kuhusu mimba za utotoni. Reynolds mwenyewe alisema mahakamani kwamba hizo hakuwa na tatizo nazo. Ziliondoka kwa sababu zilikaa ukurasa mmoja na zile mbili. Wanaandika sita, zinakosewa mbili, zinaondoka sita.

Na wanafunzi hawakuitwa. Kuanzia tarehe 10 mpaka 13 hakuna aliyewaita ofisini awaambie hili hapa tatizo, nendeni mkamtafute baba wa mwenzenu mumuulize, au toeni mistari hii. Gazeti likatoka likiwa jembamba.

Sasa ile sababu yangu. Sekondari niliyosoma, sitaitaja, tulikuwa na gazeti la ukutani. Wadau wa shule za bweni mnalijua: karatasi ya manila, kalamu za rangi, mwandiko wa yule mwenye mwandiko mzuri, linabandikwa kwenye ubao karibu na bwalo. Kidato cha tatu mimi ndiye nilikuwa mhariri. Niliandika kuhusu maji, kwamba bomba la bweni la wasichana lina wiki tatu halitoi na wenzetu wanaamka saa tisa usiku kwenda kisimani. Tulibandika Jumapili usiku. Jumatatu baada ya mstarini tukakuta ubao mtupu, pini nne tu zimebaki kwenye kona. Kwenye manila ile ile kulikuwa na matokeo ya mechi ya kidato cha pili na cha tatu, shairi la jamaa mmoja kuhusu mama yake, na tangazo la saa iliyopotea. Vyote vikaenda na maji. Yule mwenye shairi hakuandika tena, na mimi ndiye aliyenilaumu. Alikuwa sahihi kiasi fulani, nani aliniambia nimweke jirani na bomba?

Hakuna mwalimu aliyeniita. Ningechapwa nadhani ningesahau. Kilichokaa kichwani mpaka leo ni kwamba hakuna aliyesema neno.

Basi turudi Missouri. Wanafunzi watatu wa Spectrum, Cathy Kuhlmeier, Leslie Smart na Leanne Tippett, wakaenda mahakamani. Ili uelewe kwa nini walidhani watashinda inabidi urudi nyuma miaka kumi na nane.

Desemba 1965, Des Moines, jimbo la Iowa. Wanafunzi wachache walivaa vitambaa vyeusi mkononi kuomboleza waliokuwa wanakufa Vietnam. Mmoja wao, Mary Beth Tinker, alikuwa na miaka 13. Wakuu wa shule walisikia mpango, wakapiga marufuku mapema, watoto wakavaa hivyo hivyo, wakarudishwa nyumbani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 24 Februari 1969 majaji saba dhidi ya wawili wakasema mwanafunzi haachi haki zake za kikatiba anapoingia getini. Shule ikitaka kumnyamazisha ionyeshe kwamba alichofanya kitavuruga masomo kwa kiasi kikubwa au kuingilia haki za wenzake. Hofu peke yake haitoshi.

Kwa kipimo hicho Spectrum walikuwa na kesi nzuri. Nani angevuruga darasa kwa sababu ya makala ya talaka? Mahakama ya kwanza, mwaka 1985, iliwapa shule ushindi. Mahakama ya rufaa, mwaka 1986, ikageuza, ikasema wanafunzi wako sahihi.

Lakini upepo ulikuwa umeanza kugeuka, na ajabu ni kwamba uligeukia kwenye jambo lililotokea majuma yale yale. Tarehe 26 Aprili 1983, siku kumi na saba kabla ya gazeti lile jembamba kutoka, huko Bethel High School, kitongoji cha jiji la Tacoma upande wa magharibi kabisa, mwanafunzi Matthew Fraser alisimama mbele ya wenzake kama 600 kumpigia debe rafiki yake aliyegombea uongozi wa wanafunzi. Hotuba ya dakika moja hivi, imejaa mafumbo ya kitandani mwanzo mpaka mwisho. Wengine walipiga kelele, wengine waliona aibu. Akasimamishwa siku tatu (alitumikia mbili) na jina lake likatolewa kwenye orodha ya watakaoweza kuchaguliwa kuhutubia mahafali. Wenzake wakaliandika wenyewe kwa mkono kwenye kura, akashinda, akahutubia. Napenda sana hiyo sehemu. Ila Mahakama ya Juu Julai 1986 ilisema shule ilikuwa na haki ya kumwadhibu, kwamba mkutano wa shule siyo jukwaa la matusi ya mafumbo.

Kwa hiyo Oktoba 1987 kesi ya Spectrum iliposikilizwa, majaji walikuwa na vitambaa vya Iowa mkono mmoja na hotuba ya Fraser mkono mwingine. Na walikuwa wanane, siyo tisa, maana Jaji Powell alistaafu mwaka ule na nafasi yake haikuwa imejazwa. Hukumu ilitoka tarehe 13 Januari 1988. Watano dhidi ya watatu, shule ikashinda.

Jaji Byron White ndiye aliyeandika. Hoja yake, kwa Kiswahili cha kwangu: kitambaa cha yule binti wa Iowa kilikuwa chake, shule ilitakiwa kumvumilia tu. Gazeti la somo ni kitu kingine. Shule inaweka jina lake, mwalimu wake na fedha yake (ile hesabu ya mfukoni, itoeni sasa), na msomaji wa nje ataona ni sauti ya shule. Kwa hiyo shule inakaa kwenye kiti cha mchapishaji. Inaweza kukataa kazi iliyoandikwa vibaya, isiyofanyiwa utafiti wa kutosha, yenye upendeleo, au isiyofaa kwa umri wa wasomaji, ilimradi sababu yake inahusiana kwa haki na malengo ya elimu. Na haikuishia kwenye magazeti. Aliingiza michezo ya kuigiza na shughuli nyingine zote ambazo mtu anaweza kudhani zina baraka za shule. Ile orodha yote niliyoitaja juu, bendi mpaka jukwaa, iliingia kwenye sentensi hiyo.

Jaji William Brennan akapinga, pamoja na Marshall na Blackmun. Brennan alikuwa mkali. Alisema mkuu alikuwa na malalamiko juu ya sehemu za makala mbili akafuta sita nzima, hata hakuuliza kama inawezekana kukata mistari, kuongeza maelezo, kupanga kurasa upya au kuchelewesha toleo. Alimaliza kwa kusema vijana wa Hazelwood East walitarajia somo la uraia, lakini siyo hili walilopewa na mahakama.

Wakati huo hao wasichana walikwishamaliza shule zamani. Miaka karibu mitano! Shughuli za shule zina ubaya huo, haki yake ikifika mwenyewe ameshahitimu.

Kilichofuata kinafundisha, maana Mahakama ya Juu iliweka kiwango cha chini tu na majimbo yanaruhusiwa kutoa zaidi. California ilikuwa na sheria ya kulinda magazeti ya wanafunzi tangu 1977. Baada ya hukumu, Massachusetts wakapitisha yao mwaka 1988, Iowa 1989, Colorado 1990, Kansas 1992, Arkansas 1995. Pakapoa muda mrefu, halafu North Dakota mwaka 2015 wakafungua wimbi jipya. Kwa hiyo makala ile ile ya talaka, ukivuka mpaka wa jimbo, inaweza kuwa na kinga au isiwe nayo. Mwaka 2021 mahakama ile ile ilimpa ushindi msichana wa Pennsylvania aliyekosa nafasi kwenye timu kuu ya kushangilia, akaitukana shule kwa simu yake siku ya Jumamosi akiwa dukani. Alikuwa nje ya shule, kwa simu yake. Hukumu ya Spectrum haikuguswa.

Kuna jambo moja ambalo nimelifikiria sana na sijui kama kesho nitapata nafasi ya kulisema. Wale wanafunzi watatu wenye ujauzito, walikuwa bado ni wanafunzi. Kule sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inalinda pia mwanafunzi mjamzito asifukuzwe. Kwetu, mpaka Novemba 2021 serikali ilipoondoa zuio, msichana akipata mimba alikuwa anaondolewa, basi. Mwaka niliobandika manila yangu, makala kama ile isingewezekana kuandikwa, siyo kwa sababu ya mkuu kuikataa, ila wa kuhojiwa wangekuwa hawapo. Kidato cha pili mmoja aliyekaa dawati la mbele yangu aliondoka hivyo wiki moja kabla ya mtihani. Hatukuandika chochote. Hata wazo halikutujia, na sisi tulijiona waandishi.

Sasa utetezi wangu wa kesho. Nimekaa na dada mmoja wa kundi letu hapa nje ya maktaba, yeye kapewa upande wa wanafunzi, tukabishana mpaka chai ikapoa. Nimegundua kuna sehemu ya hoja ya Reynolds ninayoiamini kabisa. Yule baba. Mtu anachapwa gazetini kwamba hakuijali familia yake, nakala zinaingia kila nyumba ya mtaa, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza. Hilo hata mhariri wa gazeti kubwa angelikataa, na angekuwa sahihi. Hapo nitasimama bila aibu. Kwenye ile ya wasichana watatu nitasema kuwaficha ni jambo jema, ila nikiulizwa kama wao wenyewe waliulizwa tena, sina jibu.

Na kwenye makala nne nyingine sina utetezi kabisa. Dada kaniambia "hapo ndipo nitakapokumaliza kaka", nikamwambia najua, nimeshawahi kuwa upande huo wa ubao. Tumekubaliana mimi nitamaliza kabla ya kufika hapo, yeye ataanzia hapo.

Maktaba wanazima taa saa nne. Nitaandika Ijumaa nikipata muda, kuwaambia ilikwendaje.